Jaji Mpya na Kaburi la Tekla

Jaji wetu alihamishwa bila kutuaga. Nilikuwa nimeshamzoea yule baba. Alikuwa na kikohozi chake, na wakili akizidi kurefusha maneno, yeye anakohoa, wakili anakaa. Sasa wamempeleka Songea akakohoe huko, na sisi tukabaki na kesi iliyofika katikati, kama chungu kilichoachwa jikoni na mpishi ameitwa.

Habari nilipewa na wakili wangu, kijana Luqman, kwa simu.

"Shikamoo bibi. Jalada letu limepangiwa jaji mwingine."

"Marahaba. La zamani limekosa nini?"

"Jalada ni lile lile, bibi. Jaji ndiye mwingine. Anatuita kwanza tupange kesi itakavyokwenda. Na bibi, huko kuna jambo. Anaweza kuendelea pale alipoishia mwenzake, au akaamua tuanze upya."

"Upya wapi?"

"Upya mwanzo. Mashahidi wote warudi waseme tena."

Nilikuwa nachambua mboga. Nikaziweka chini.

Shahidi wangu wa maana alikuwa mmoja, shemeji yangu Yoeli, mdogo wa marehemu mume wangu. Alisimama mbele ya yule jaji wa kikohozi akasema vizuri kabisa, kwa mpangilio, mpaka mimi mwenyewe nikashangaa kwamba ni yeye. Baada ya pale akapigwa na kiharusi. Leo ukimwuliza Yoeli jina lake anakutolea sauti moja tu, kama mtu anayefukuza kuku kwa upole. Aliyoyasema yapo kwenye jalada. Mdomoni hayapo tena.

Luqman akaniambia sheria ina mlango wa kuyaingiza maneno ya shahidi asiyeweza kusema. Nikamwuliza kama mlango huo uko wazi. Akasema una kufuli, na hilo kufuli nalo lina mabishano yake. Namshukuru kwa kunieleza ukweli, ingawa usiku ule sikula.

Niseme basi kesi yenyewe. Hapa Sekei, marehemu mume wangu alimgawia binti yetu Tekla kiwanja siku alipoolewa na Yona. Mume wangu alikipandia masale pembeni yote, ile miti ya majani marefu inayoonyesha kwetu kwamba hapa ni kwa fulani na hapo ni kwa fulani, na Yoeli ndiye aliyekuwa akimshikia miche. Akasema mbele ya watu kwamba ni pa Tekla na watoto wake, pasiuzwe. Tekla akajenga, akazaa, akafa. Tukamzika pale pale migombani, maana sisi mtu wetu hatumpeleki mbali na nyumba. Halafu Yona akapata mtu anayetaka kujenga nyumba ya wageni, na mtu huyo hataki kaburi uani, atawafukuzia wageni. Yona akatangaza kwamba atamfukua mke wake ampeleke kwa ukoo wake Oldonyosambu, ng'ambo ya Mlima Meru kwenye vumbi.

Nikaenda mahakamani. Mengine yote kwenye zile karatasi, mipaka na umiliki na sijui nini, ni nguo tu. Mwili wa kesi ni huu: mwanangu aachwe alipolala.

Utauliza kwa nini sikumwita Yona tukaongea. Ndiyo hapo. Yona ni mkwe wangu. Kwetu sisi Waarusha mama mkwe na mkwe wake hawaketi pamoja, hawali wakitazamana, na jina hawatajani. Siku ya harusi aliniletea kondoo, na kondoo kwa lugha yetu ni *enker*, basi tangu siku ile mimi namwita Paker na yeye ananiita Paker. Jina lake hapa naliandika kwa kuwa karatasi haina macho. Neno lake likitaka kunifikia, zamani lilipitia kwa Tekla. Tekla alipokufa likapitia kwa Yoeli, ambaye ndiye aliyempokea hata siku ya posa, akanibebea maneno yake mpaka jikoni. Walipogombana yeye na Yoeli juu ya kiwanja, njia ikafungwa. Tukabaki tunaandikiana kupitia kwa mawakili.

Siku ya kuitwa tukaingia kwa jaji mpya. Si kwenye ule ukumbi mkubwa, ni chemba, chumba chake cha kazi. Alikuwa mama wa makamo, Jaji Salha, mtu wa Tanga, amejifunga mtandio vizuri na miwani imeshuka puani. Jalada letu lilikuwa mbele yake na vipande vya karatasi vimechomoza kila upande. Nikajua amelisoma. Moyo ukatulia kidogo.

Tatizo lilikuwa benchi. Chumba kile kilikuwa na benchi moja tu. Luqman akanikalisha, maskini, kwa adabu zote, na karani akamwonyesha Yona upande wa pili wa benchi lile lile.

Nikainuka. Kanga nikaivuta usoni, nikageukia ukutani. Nikasikia na yeye ameinuka, viatu vimeelekea mlangoni.

"Mama," jaji akasema, "mbona unaipa mahakama mgongo?"

"Siyo mahakama, mheshimiwa. Ni heshima."

"Heshima ya kutazama ukuta?"

"Huyu bwana ni mkwe wangu. Tunaheshimiana mno. Benchi moja hatuwezi."

"Lakini kushtakiana mnaweza."

"Hilo wazee wetu hawakulikataza, mheshimiwa. Hawakulijua."

Hakucheka. Nilisikia kalamu yake inaandika, na mpaka leo sijui aliandika nini. Akamwambia karani atafute kiti. Nikawekewa karibu na dirisha, nikamwonyesha jaji sikio moja na Yona kisogo, na kazi ikaanza.

Jaji akaeleza taratibu, kama mtu anayeelekeza mgeni njia. Amepokea shauri likiwa nusu. Anataka leo ijulikane linakwenda vipi hadi mwisho: nani bado hajasema, atasema lini, na ni jambo gani hasa tunalobishania, maana amesoma jalada lote na bado anaona moshi tu, moto hauoni. Na kabla ya yote, tuendelee au tuanze upya?

Wakili wa Yona akasimama. Ni mtu mnene mwenye sauti tamu, angefaa kuhubiri. Akasema mteja wake anaomba tuanze upya. Mheshimiwa hakuwaona mashahidi kwa macho yake. Huyu shahidi wa pili, mzee Yoeli, hakumwona akitokwa jasho, hakumwona akitazama chini. Atajuaje kama alisema kweli?

Luqman naye akasimama, akasema sheria inamruhusu jaji anayepokea kutumia yale yaliyoandikwa na mwenzake, na kwamba mzee yule sasa hawezi kusema, kumwita upya ni kumfuta. Alisema vizuri, lakini sauti ilimtetemeka.

"Sheria naijua, mawakili," jaji akasema. "Nataka kuwasikia wenye kesi. Nawapa mpaka baada ya chakula cha mchana. Nendeni mkaongee, mrudi mniambie mnabishania nini."

"Mheshimiwa, hawa hawaongei," akasema wakili mnene.

"Nimeelewa. Kwa desturi yenu, mtu akiwa na neno kwa mkwewe, analifikishaje?"

"Anakuwepo mtu katikati, mheshimiwa," nikasema. "Wetu ndiye huyo aliyenyamaza."

"Hakuna njia nyingine?"

Hapo Yona akasema. Tangu kesi ianze sikuwa nimemsikia akisema neno lisilo la kiapo.

"Kuna mlango, mheshimiwa. Tekla alipokuwa amejifungua mtoto wa kwanza, nilikuwa nikisimama nje na Paker yuko ndani, tunasikilizana."

Paker. Miaka yote ile nilikuwa mdai. Karani akiita, mdai yupo? Mdai yupo. Nilikuwa nimeanza kuamini ndilo jina langu.

Tukapewa chumba kidogo cha kuwekea viti vibovu. Mimi nikaketi ndani kwenye kimoja kilichokuwa na nafuu, mlango ukaachwa nusu, Yona akakaa kwenye ukumbi wa nje, mgongo wake umeegemea ukuta ule ule. Mawakili wakafukuzwa mbali, ingawa yule mnene nilimsikia anahema.

"Shikamoo, Paker."

"Marahaba, Paker. Sauti imekukonda."

"Mafua."

"Vumbi la Oldonyosambu hilo."

Tukakaa. Mtu akapita na ndoo.

"Irine hajambo?" nikauliza. Irine ni binti yake na Tekla, anasoma chuo cha Makumira.

"Hajambo. Anamaliza mwaka huu."

"Najua. Jumapili anakuja kula kwangu. Kwako mnapika nini mtoto anakimbia?"

Akacheka kidogo, halafu kicheko kikajikumbuka kikaacha.

"Paker, unataka tuanze upya?" nikamwuliza.

"Wakili anasema ndiyo afadhali."

"Wakili sijamwuliza. Wakili hajaniletea kondoo."

Nikamsikia anajigeuza pale ukutani.

"Aliyoyasema Yoeli pale kizimbani," nikasema, "ni uongo?"

"Siyo uongo. Nilikuwepo. Nilishika jembe."

"Basi sikiliza. Yule mzee sasa amefungwa mdomo. Ukisema maneno yake yafutwe kwa kuwa jaji hakumwona akiyasema, nami nina langu. Siku ulipokuja kuposa, mimi sikukuona ukisema. Nilikuwa jikoni. Yoeli alikuja akaniambia, kijana amesema hivi na hivi, nami nikamwamini, nikakupa mwanangu kwa maneno yaliyopita mdomo ule ule. Tukiyafuta ya kizimbani, tufute na hayo. Uanze upya kuposa. Na kondoo ulete tena, ila safari hii aje amesagwa, meno sina."

Hakucheka. Nikamsikia anapumua kwa pua.

"Yabaki," akasema. "Maneno ya mzee yabaki."

Ningeweza kuinuka hapo. Nilikuwa nimepata nilichokwenda kukitafuta. Lakini mlango ulikuwa bado nusu, na nani alijua kama tutapewa mwingine.

"Nikuulize neno moja, Paker. Mwanangu amekukosea nini hata unamtoa?"

"Simtoi."

"Unamfukua."

"Namchukua." Sauti ikapanda, akaishusha. "Wewe hujui wanavyosema kwetu. Wanasema mimi niliolewa Sekei. Nikifa, ukoo utanibeba mpaka Oldonyosambu, unizike na baba zangu, na ni haki yao. Nitalala kule peke yangu na Tekla yuko huku. Nilipopata yule mnunuzi nikasema, basi, ndiyo sababu. Nimtangulize, nimkute."

Kanga nikaitoa usoni. Hakukuwa na wa kuniona, viti tu.

"Kwenye karatasi zako hukuandika hivyo," nikasema. "Uliandika eneo liwe wazi kwa ajili ya kuendelezwa. Nimesomewa mara ngapi."

"Wakili alisema mapenzi siyo hoja."

Nilitaka kumcheka wakili yule, nikashindwa. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu miaka mizima kwa sababu ya sentensi ya kuendelezwa. Kila nikipalilia pale kaburini nilikuwa namwambia Tekla, uliolewa na jiwe. Na Tekla ananisikiliza tu, angefanyaje.

"Paker," nikasema. "Kushoto kwake pana nafasi. Umeiona?"

"Ile usiyopanda kitu?"

"Ile."

"Nilidhani umeacha njia ya kupita."

"Ni yangu. Niliiacha nilale hapo. Hata Yoeli anajua. Ichukue wewe."

"Na wewe utalala wapi?"

"Miguuni pake. Mimi ni mfupi."

"Ukoo wangu hautakubali nizikwe kwa wakwe."

"Ukoo huo ni wako, ongea nao. Wakikataa washtaki. Jaji tunaye."

Karani akaja kutuita kabla Yona hajajibu. Nikavuta kanga yangu, nikangoja asikike amepita mbele, ndipo nikatoka.

Kwa jaji, Yona alisema mwenyewe kabla wakili wake hajafungua kinywa. "Mheshimiwa, tuendelee alipoishia mwenzako. Maneno ya mzee Yoeli yabaki kama yalivyo." Nilisikia koti linavutwa, nadhani wakili alimshika.

"Na mnabishania nini?"

"Mahali pa kumlaza mke wangu, mheshimiwa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Mmekubaliana?"

"Hapo bado sijajua."

Jaji akavua miwani akaifuta, kazi ambayo aliifanya kwa muda mrefu kuliko uchafu wa miwani. Kisha akapanga kesi yake. Ushahidi uliokwisha kutolewa utabaki. Mashahidi waliosalia aliwapa tarehe zao, na akasema atakayeomba kuahirisha aje na sababu ya kueleweka, siyo kwamba gari limeharibika. Jembe lisiguse kaburi mpaka hukumu itoke. Na kabla ya shahidi yeyote kuitwa, mahakama itakwenda Sekei kupaona mahali penyewe, kabla mvua hazijaanza.

"Na nikifika kwako, mama," akasema, "nitaomba uso wako."

"Nitakupa, mheshimiwa, ukisimama upande wangu."

Siku ya kuja mahakama, Meru ulikuwa umevua mawingu, umesimama pale juu mweusi na mtupu kama aliyeitwa kushuhudia. Nilifagia mpaka nikafagia palipofagiwa. Yoeli aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevalishwa koti la kanisani. Jaji Salha alishuka garini, akatazama viatu vyake, akatazama migomba yangu, akaingia hivyo hivyo. Alimpa Yoeli shikamoo kabla hajamsalimia mtu mwingine. Yoeli akatoa sauti yake ile moja. Jaji akamsikiliza mpaka ikaisha.

Akaonyeshwa mipaka. Alizunguka masale yote na Luqman, akiyagusa kwa kiganja, anauliza hili lilipandwa na nani, hili mbona jipya. Halafu akafika kaburini, na watu wote wakaja wakasimama. Mimi nikakaa upande wa migomba, jaji mbele yangu, nikampa uso kama nilivyoahidi. Yona alikuwa nyuma yangu, ng'ambo ya kaburi, na sikuweza kugeuka.

Kwa hiyo yaliyotokea niliyasikia tu. Nilisikia viatu vyake vinazunguka upande wa kichwa cha Tekla, vinakuja kushoto. Vikasimama. Nilijua vimesimama wapi, maana pale majani makavu hayapo, nayaondoa kila siku. Halafu nikasikia nguo inakwaruza udongo, na yule wakili mnene akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Yona, utachafuka. Bwana Yona, inuka."

Jaji akatazama juu ya bega langu. Uso wake ukabadilika, lakini sauti aliishikilia.

"Mama, mdaiwa anafanya nini?"

"Anajipima, mheshimiwa," nikasema bila kugeuka.

Ndege wa migombani wakaendelea na yao. Nikasubiri. Mtu wa umri wangu amesubiri mengi.

"Paker," sauti ikaja kutoka chini kabisa, ardhini. "Panatosha."

Yoeli akatoa sauti yake. Akaitoa tena.

Jaji akafunga jalada. Alisema zile tarehe alizozipanga ataziweka kando kwa sasa, mawakili waandike makubaliano yetu yaletwe kwake ayape nguvu ya mahakama, na yaandikwe kwa maneno yanayoeleweka na mtu aliyelala hapo. Luqman alikuwa anafuta macho kwa tai yake. Yule mnene aliinama akampangusa mteja wake udongo mgongoni, taratibu, kwa kiganja, na kwa hilo nilimsamehe sauti yake tamu.

Wakaondoka wote. Yona alipitia upande wa juu ili nisipishane naye njiani, kama inavyotakiwa.

Jioni nikaenda miguuni pa Tekla na fimbo yangu. Nikajipima na mimi, lakini kwa kusimama na kukisia, maana nikilala chini pale nani wa kuniinua. Pananienea. Sale moja tu la mpakani ndilo litalazimika kusogea.